Arthur Samuel na Mashine Yake ya Dama

Hapana mtu shuleni hapa asiyeijua dama. Ubao wenye nyumba 64, vizibo vya soda vya rangi mbili, na watazamaji wanaosema zaidi kuliko wachezaji wenyewe. Lakini nadhani ni wachache wanaojua kwamba mchezo huu wa kibarazani ni miongoni mwa michezo ya kwanza iliyotumiwa kuifanya mashine ijifunze kutokana na makosa yake. Mtu aliyeifanya kazi hiyo ni Bwana Arthur Lee Samuel, Mmarekani, ambaye jina lake linajulikana na kila anayesomea kompyuta. Alifariki mwaka 1990. Nataka kueleza maisha yake kwa ufupi, na hasa swali moja lililomshughulisha kwa zaidi ya miaka 20: je, mashine ikiikumbuka michezo yote iliyokwisha kuchezwa, itakuwa bingwa?

Swali hili linatuhusu na sisi wa kidato cha nne. Miezi hii karibu kila mmoja wetu anatembea na bunda la mitihani ya miaka iliyopita.

Bwana Samuel alizaliwa tarehe 5 Desemba, 1901, katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas. Alisoma chuo cha mji huo huo, akamaliza mwaka 1923. Kisha alikwenda chuo cha MIT kusomea elimu ya umeme, na mwaka 1926 akapata shahada ya pili. Alibaki pale akifundisha mpaka mwaka 1928, alipoajiriwa katika maabara ya simu ya Bell. Huko alikaa miaka 18. Kazi yake ilikuwa ya valvu, yaani zile chupa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulika na kifaa cha kuiwezesha rada kutumia antena moja tu, kwa kutuma mawimbi na kwa kuyapokea. Basi alipokaribia umri wa miaka 45 alikuwa fundi mwenye sifa, lakini hakuwa mtu wa kompyuta, maana kompyuta zenyewe zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa.

Mwaka 1946 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois. Yeye na wenzake walitaka chuo kiwe na kompyuta, lakini fedha walizopata hazikutosha. Hapo ndipo lilipomjia wazo la mchezo. Alijua kwamba wataalamu wengine, akiwamo Claude Shannon wa maabara ya Bell, walikuwa wakifikiri namna ya kuifanya mashine icheze sataranji. Yeye akaona dama ni nyepesi kuliko sataranji. Ataandika programu ndogo, mashine itamshinda bingwa wa dama, habari zitavuma, na fedha zitapatikana. Mabingwa walitazamiwa kukutana katika mji wa jirani wa Kankakee, naye akadhani muda uliobaki unamtosha.

Hakuna hata moja lililotimia. Mashindano yalifika na kupita, na kompyuta ilikuwa haijakamilika. Kwangu mimi ilikuwa faraja kusoma kwamba hata mtu kama yeye aliweza kukosea hesabu ya muda kiasi hicho.

Mwaka 1949 aliondoka Illinois akaingia kampuni ya IBM, huko Poughkeepsie katika jimbo la New York. Kampuni ilikuwa inaanza kuunda kompyuta kubwa za kuuza, na Bwana Samuel aliajiriwa kwa ajili ya kazi nzito, si kwa ajili ya mchezo. Lakini dama hakuiacha. Mwaka 1952 programu yake ya kwanza ilicheza katika kompyuta iitwayo IBM 701. Aliitumia nafasi ya usiku, wakati mashine mpya zilipokuwa zikijaribiwa kiwandani kabla ya kupelekwa kwa wanunuzi. Watu wamelala, mashine zinacheza dama.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kazi yake ilikuwa ngumu. Mtu anaweza kusema kwamba mashine ina kasi, basi na itazame kila hatua inayowezekana mpaka mwisho wa mchezo, kisha ichague iliyo bora. Bwana Samuel aliipiga hesabu hiyo. Njia zote za kuchunguza katika dama alizikadiria kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 40. Hata mashine ikichunguza hatua tatu katika kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kazi hiyo ingechukua karne ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 21. Katika sataranji mambo ni mabaya zaidi: mwaka 1950 Shannon alikadiria michezo inayowezekana kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 120. Kwa hiyo mashine haiwezi kuona mwisho. Inalazimika kutazama hatua chache mbele, halafu ikadirie: huku nina kete nyingi, kule nina kingi wengi, hapa mwenzangu amebanwa. (Kingi wa dama ya Kimarekani huenda hatua moja moja tu, hapai ubao mzima kama kingi wetu.) Kila ubao unapewa alama, kama mwalimu anavyosahihisha insha, na mashine inakwenda kwenye alama za juu.

Kufikia mwaka 1955 Bwana Samuel alikuwa amekwisha kuifanya mashine ijifunze. Njia yake ya kwanza aliiita kujifunza kwa kukariri, neno tunalolifahamu sana. Mashine ilipomaliza kuukadiria ubao, iliuandika pamoja na alama zake katika mkanda wa sumaku. Siku nyingine ikiukuta ubao ule ule, haikupiga hesabu upya, ilisoma alama zilizoandikwa.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme mashine hutazama hatua tatu mbele. Mwisho wa hatua ya tatu inakuta ubao ambao zamani iliukadiria kwa kutazama hatua tatu nyingine. Alama zile za zamani zimebeba ndani yake hatua tatu hizo. Kwa hiyo sasa mashine inaona hatua sita kwa kazi ya hatua tatu. Matokeo hayo nayo yanaandikwa, na kesho yataisaidia kuona mbali zaidi. Nilipolielewa jambo hili niliweka kitabu chini nikafikiri kwamba basi, ushindi umepatikana, imebaki kuiacha icheze miaka mingi tu.

Lakini haikuwa hivyo. Mkanda ulifika mahali ukawa na mbao 53,000. Kwetu hesabu hiyo ni kubwa. Kwa dama ni kama punje za mchanga alizobeba mtu kiganjani akiwa ufuoni, kwa kuwa mbao zote zinazoweza kutokea katika dama zimehesabiwa kuwa karibu 5 ikifuatwa na sifuri 20. Mwanzoni mwa mchezo mbao ni chache na zinajirudia, kwa hiyo mashine iliyokariri ilianza vizuri sana, kama mchezaji aliyefundishwa na wakubwa. Mwishoni, kete zikiwa zimebaki chache, ilijua pia kuikwepa mitego mingi iliyokwisha kuinasa. Ila katikati, kete zikiwa nyingi na njia zimetawanyika, kila mchezo huingia mahali ambapo haujawahi kufika mchezo mwingine. Hapo mkanda haukuwa na la kusema, na mashine ikawa sawasawa na siku ya kwanza. Bwana Samuel mwenyewe aliandika kwamba kwa njia hii mashine ilifikia kuwa mwanafunzi aliyewapita kidogo wanafunzi wenzake, basi.

Palikuwa na taabu nyingine mbili. Ya kwanza ni wingi wa kumbukumbu zenyewe. Mkanda ukijaa mno, kutafuta ndani yake huwa kazi, na mengi yaliyomo hayatumiki tena. Ikambidi aifundishe mashine kusahau. Kila ubao ulioandikwa alipewa umri; ukitumika, umri wake ulipunguzwa nusu; usipotumika ulizeeka, na ukizeeka mno ulifutwa. Taabu ya pili inachekesha. Mashine ikiwa karibu kushinda ilikuta mbao nyingi zenye alama za ushindi, zote sawa kwake, ikawa inasogea huku na huku bila kumaliza mchezo, kwa sababu popote ilipokwenda ilijiona mshindi. Alilazimika kuandika pia ushindi uko mbali hatua ngapi, ili inaposhinda ichague njia fupi, na inaposhindwa ichague njia ndefu.

Katika jaribio la hesabu la muhula uliopita niliona swali nililolifahamu. Nilikuwa nimelikariri kutoka katika mtihani wa zamani, njia yake na jibu lake. Nikaandika jibu kwa furaha, nikapata sifuri. Mtungaji alikuwa amelibadilisha neno moja. Nilikuwa katikati ya ubao na mkanda wangu hauna kitu.

Bwana Samuel aliliona hilo mapema, akatafuta njia ya pili: mashine isikumbuke mbao, ila ijifunze ni mambo gani katika ubao yana uzito na yapi hayana. Alikusanya mambo 38 ya kuangaliwa, kama vile uwezo wa kusogea na kuitawala sehemu ya kati ya ubao. Kwa wakati mmoja yalitumika 16, mengine 22 yakingoja zamu. Kisha akawagawa wachezaji wawili ndani ya mashine, akawaita Alpha na Beta. Alpha alibadilisha uzito wa mambo yake kila baada ya hatua. Beta hakubadilisha kitu. Alpha akishinda, Beta anapewa ujuzi wa Alpha, mchezo unaanza tena. Alpha akishindwa mara kadhaa, jambo alilolitegemea kuliko yote linatupwa, ili aachane na njia yake mbaya na kuanza kutafuta nyingine. Kwa saa nane au kumi tu za kucheza hivi, mashine iliweza kucheza dama vizuri kuliko mtu aliyeiandikia programu. Haya aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1959, ambayo ndiyo iliyolieneza duniani jina la kujifunza kwa mashine.

Hata hivyo njia hii nayo ilikuwa na ukuta wake. Mashine iliweza kupima uzito wa mambo 38, lakini hayo 38 ni Bwana Samuel aliyeyaleta. La 39 haikuweza kulibuni. Ikiwa jambo lenye maana katika mchezo halikumjia yeye kichwani, mashine ingecheza michezo elfu bila kuliona. Tena ilipocheza na mtu dhaifu, makosa ya mtu huyo yaliipotosha, ikadhani hatua mbaya ni njema kwa kuwa ilishinda nayo. Na ule uzito wa kete zenyewe, yaani kwamba kuwa na kete nyingi ni vizuri, hakuthubutu kuuacha ubadilishwe, aliufunga mwenyewe. Haja ya kuiwezesha mashine itafute mambo yake yenyewe aliiandika waziwazi, na hakufaulu kuitimiza maisha yake yote.

Kwa watu wa nje, haya hayakuonekana. Tarehe 24 Februari, 1956, programu ilionyeshwa katika televisheni, watu wakashangaa, na inasimuliwa kwamba mkuu wa IBM alibashiri bei ya hisa za kampuni itapanda kwa sababu hiyo, ikapanda kweli. Mwaka 1962 mashine ilicheza na Bwana Robert Nealey wa Connecticut, ikamshinda. Magazeti yalimwita bingwa wa zamani wa jimbo lake. Ukweli ni kwamba ubingwa wa jimbo aliupata baadaye, mwaka 1966, na mwaka 1963 waliporudiana kwa njia ya barua michezo sita, Nealey alishinda mmoja na mitano ikawa sare. Habari hii ya pili haikuvuma. Watu wengi, hata wasomi, wakaamini kwamba dama imekwisha, kompyuta imeishinda, hakuna tena la kutafuta. Naona hili lilimdhuru Bwana Samuel kuliko lilivyomsaidia, ingawa hakulitunga yeye.

Mtihani wa kweli ulikuja mwaka 1966. Walter Hellman na Derek Oldbury walikuwa wakishindania ubingwa wa dunia, na kila mmoja alicheza na mashine michezo minne. Mashine ilishindwa yote minane.

Mwaka huo huo Bwana Samuel, akiwa na umri wa miaka 64, alistaafu IBM akahamia Chuo Kikuu cha Stanford, California. Wengi wangepumzika. Yeye alirudi kwenye swali lake kwa upande mwingine. Kama michezo ya mashine yenyewe haitoshi, je, michezo ya mabingwa? Vitabu vya dama vina michezo ya wakubwa iliyoandikwa hatua kwa hatua tangu miaka mingi. Akatia katika mkanda mbao zipatazo 250,000 kutoka katika michezo hiyo, na mashine ikajifunza kwa kulinganisha: hapa bingwa alisogeza kete hii, mimi ningesogeza ipi, na ni mambo gani ningeyapima vingine ili nikubaliane naye? Alibadilisha pia namna ya kupima, ili mambo yasipimwe moja moja bali kwa mafungu, kwa kuwa jambo moja huwa zuri au baya kufuatana na lililo pembeni yake. Makala yake ya pili ya mwaka 1967 inaeleza kwamba maendeleo yalikuwa makubwa. Mashine iliwafuata mabingwa mara nyingi kuliko zamani. Lakini kumfuata bingwa katika njia aliyokwisha kuipita si sawa na kukaa mbele yake akiwa na nia ya kukutoa njiani, na ubingwa haukupatikana.

Baada ya hapo alishughulika zaidi na kuifanya kompyuta itambue sauti ya mtu, na aliendelea kuandika programu akiwa mzee wa zaidi ya miaka 85. Mwaka 1983 aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wanaoanza kutumia TeX, programu ya kupangia kurasa za vitabu. Mwaka 1987 alitunukiwa tuzo ya waanzilishi wa kompyuta. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umekwisha kumwingia. Kompyuta ya chuo inaonyesha kwamba mara ya mwisho aliingia kufanya kazi tarehe 2 Februari, 1990. Alifariki tarehe 29 Julai ya mwaka huo.

Dama ilishindwa miaka minne baadaye. Mwaka 1994 programu iitwayo Chinook, ya Bwana Jonathan Schaeffer na wenzake wa Kanada, ilitwaa ubingwa wa dunia baada ya Marion Tinsley kujiuzulu kwa ugonjwa katikati ya mashindano. Nguvu ya Chinook haikuwa hasa katika kujifunza. Ilitazama mbali kwa kasi, uzito wa mambo ulipangwa na watu kwa mikono, na michezo ya kete chache ilikuwa imehesabiwa yote mpaka mwisho. Mwaka 2007 watu hao hao walithibitisha kwamba wachezaji wawili wa dama wasiokosea hata mara moja hawawezi kushindana, watatoka sare. Katika sataranji kompyuta Deep Blue ya IBM ilimshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997. Nayo ilikuwa na michezo ya mabingwa katika kumbukumbu yake, ikiitumia kwa kuanzia. Baada ya kuanzia ilitegemea kasi, ikichunguza mbao zipatazo milioni 200 kwa sekunde.

Aliyerudi kwenye njia ya Alpha na Beta alikuwa AlphaZero, programu iliyotolewa London mwaka 2017. Haikupewa mchezo wowote wa bingwa. Ilipewa kanuni za sataranji tu, ikacheza na nafsi yake mamilioni ya michezo, na haikuitunza ili ikariri. Katika kila mchezo ilirekebisha namna yake ya kuukadiria ubao, kisha ikaendelea. Orodha ya mambo 38 haikuwapo, wala orodha nyingine yoyote. Mambo ya kuangaliwa iliyapata yenyewe, na mengine hata mabingwa hawakuwa wameyatia maanani. Bwana Samuel hakuyaona hayo. Alikuwa na miaka 27 kaburini.